Kitunguu Saumu: Tenga Mbegu Kwanza, Uza Baadaye



Katika vijiji vya milimani kuna jambo moja linalorudiwa kila mwaka. Wakati wa mavuno ya kitunguu saumu, mchuuzi hufika na gunia lake. Huchagua matunguu makubwa, meupe au ya zambarau, yaliyojaa vizuri. Mwenye bustani hupokea fedha na kufurahi. Matunguu madogo yanayobaki huingia jikoni. Yale yaliyokataliwa na mchuuzi, na tena yakakataliwa na jikoni, ndiyo huwekwa mbegu.

Mwaka unaofuata mavuno huwa madogo kidogo, na mwaka wa tatu madogo zaidi. Mwaka wa nne mwenye bustani husema, "Ardhi yangu imechoka." Mwaka wa tano husema, "Kitunguu saumu hakina faida."

Mimi nasema ardhi haijachoka. Tumeiuza mbegu yetu wenyewe. Maoni yangu katika kurasa hizi ni mafupi: kila nyumba yenye bustani ya kitunguu saumu itenge mbegu kwanza, ndipo ile na kuuza. Mbegu hiyo itolewe katika matunguu bora. Masazo si mbegu.

Nitaeleza kwa nini. Kisha nitajibu maneno ya wale wasiokubaliana nami.

Kitunguu saumu hupandwa kwa punje

Kitunguu maji hutoa ua, na ua hutoa mbegu ndogo nyeusi. Kitunguu saumu tunacholima hakitupi mbegu ya namna hiyo. Tunapanda punje zake. Wataalamu wa kilimo huziita vikonyo. Jikoni tunasema punje tu, na kichwa kizima tunakiita tunguu.

Kwa hiyo kitunguu saumu ni ndugu wa muhogo na mgomba kwa namna ya kupandwa. Hupandi mbegu iliyotoka kwa baba na mama. Unapanda kipande cha mmea ule ule. Mmea mzima hutoa kipando kizima, na mmea mgonjwa hutoa kipando kigonjwa. Nani kati yetu angekata pingili ya muhogo katika shina lenye batobato, aende kuipanda shamba zima? Lakini kwa kitunguu saumu tunafanya hivyo kila mwaka, kwa sababu ugonjwa umejificha ndani ya ganda.

Liko jambo la pili. Punje ni ghala la chakula. Mche mchanga hula chakula cha punje mpaka mizizi na majani yake yapate nguvu. Punje kubwa huanza maisha na ghala lililojaa. Punje ndogo huanza na njaa. Ndiyo maana punje kubwa kwa kawaida hutoa tunguu kubwa, na punje ndogo hutoa tunguu dogo, hata kama zote zimetoka katika aina moja na zimepandwa katika tuta moja.

Basi anayepanda masazo hupoteza mara mbili. Anapanda njaa, na huenda anapanda ugonjwa pia.

Kosa langu mwenyewe

Nisije nikaonekana kama mtu anayewasema wengine tu. Mimi pia nimekosea, tena mbele ya watu.

Katika darasa moja la kisomo tulikubaliana kuwa na tuta la mfano. Mimi nilijitolea kuleta mbegu. Nilikwenda mjini nikanunua kitunguu saumu cheupe kilichotoka ng'ambo. Matunguu yalikuwa makubwa na safi, nami nikajisifu kwamba nimeleta mbegu bora.

Tulipanda mistari minne ya mbegu yangu. Mwanakisomo mmoja, bibi wa umri mkubwa, aliomba mstari mmoja apande yake. Alileta vichwa vichache vya zambarau alivyokuwa amevifunga kwa majani yake na kuvining'iniza jikoni. Vilikuwa vidogo kuliko vyangu. Nilimruhusu kwa heshima tu.

Mbegu yangu ilichelewa kuota, na punje nyingi hazikuota kabisa. Zilizoota zilitoa majani mazuri. Siku ya kung'oa tulikuta nyingi zimevimba kama kitunguu maji kidogo, hazikugawanyika punje. Mstari wa bibi ulitoa matunguu kamili.

Bibi aliniambia, "Mwalimu, yako imenenepa majani. Yangu inaijua baridi ya hapa."

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka. Lakini maneno yake yalikuwa sahihi. Kitunguu saumu huhitaji baridi kwanza ili kigawanyike punje, na kila aina ina mazoea yake ya baridi na urefu wa mchana. Aina nyingi za nchi za mbali zimezoea majira ya baridi kali na kiangazi chenye mchana mrefu. Huku kwetu mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Tena kitunguu cha kuliwa kinachosafirishwa mbali huweza kuwa kimetiwa dawa ya kukizuia kisiote.

China hulima sehemu kubwa kabisa ya kitunguu saumu cha dunia, na kitunguu chake hufika katika masoko yetu. Kwa kula hakina neno. Kwa kupanda, usikiamini mpaka umekijaribu katika mstari mmoja.

Tangu siku ile naamini kwamba benki ya mbegu ya kijiji iko jikoni kwa akina bibi. Tukiwaacha wauze mpaka kichwa cha mwisho, benki hiyo inafungwa.

Namna ya kuchagua na kupanda

Kitunguu saumu hupenda nchi ya baridi. Hapa Tanzania hulimwa sana Mbulu katika mkoa wa Manyara, Lushoto katika milima ya Usambara, na sehemu za Nyanda za Juu Kusini. Wenzetu wa pwani kwenye joto wasidanganyike. Watapata majani zaidi kuliko matunguu.

Uchaguzi wa mbegu hauanzi siku ya kung'oa. Huanza mimea ikiwa bado bustanini. Pita katika tuta lako mimea inapokuwa na nguvu. Tafuta mimea mikubwa, yenye majani mengi ya kijani, isiyo na michirizi ya manjano. Weka kijiti kando ya kila mmea mzuri. Siku ya kung'oa, mimea yenye vijiti iwekwe mbali na mingine. Hiyo ndiyo mbegu.

Acha kumwagilia wiki mbili au tatu kabla ya kung'oa. Ng'oa majani ya chini yanapokauka na mengi ya juu yanapogeuka manjano. Usiyakate majani siku hiyo. Kausha kivulini penye upepo kwa wiki moja au mbili. Kisha funga mafungu na uyaning'inize mahali pakavu penye hewa. Usiyatie katika mfuko wa plastiki. Yatatoka jasho na kuoza.

Siku ya kupanda ikikaribia, bomoa matunguu taratibu. Chagua punje kubwa za nje. Zile nyembamba za katikati zipeleke jikoni. Usimenye ganda. Ganda ni nguo ya punje, huilinda na uozo. Panda sehemu bapa ikiwa chini na ncha ikiwa juu, kina cha vidole viwili. Mpango mzuri ni kupanda masika yanapoelekea mwisho, ili mimea ikue katika miezi ya baridi na ikomae wakati wa ukavu.

Tia samadi iliyooza vizuri, siyo mbichi. Tandaza nyasi kavu kuhifadhi unyevu. Palilia kwa uangalifu, kwa sababu mizizi yake iko karibu na uso wa ardhi.

Jambo moja zaidi, nalo ni kubwa. Ukikuta tunguu lina ukungu mweupe chini yake, wenye chembe ndogo nyeusi kama mbegu za mchicha, liteketeze kwa moto. Usilitupe katika shimo la mbolea. Huo ni uozo mweupe. Ukishaingia katika udongo huweza kukaa humo miaka 20 na zaidi, ukingoja kitunguu kingine. Na hata kama huna ugonjwa huo, usipande kitunguu saumu mahali pale pale kila mwaka, wala usikifuatishe baada ya kitunguu maji. Panda maharage, mahindi au kabichi kwa miaka mitatu hivi, ndipo urudi.

Tupige hesabu

Watu husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Basi tuchukue daftari na kalamu.

Chukua tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5. Mistari iwe 5, umbali wa sentimita 20 kutoka mstari hadi mstari. Punje ziwe sentimita 10 kutoka moja hadi nyingine. Kila mstari utaingia punje 50.

Mistari 5 × punje 50 = punje 250.

Tuseme kila tunguu bora linatoa punje 10 za kupanda.

Punje 250 ÷ 10 = matunguu 25.

Kila punje ikiota na kukua vizuri huwa tunguu moja. Tuseme 25 zimekufa. Tumevuna matunguu 225. Sasa tugawe.

Mbegu ya mwaka ujao: 25, na 5 za akiba kwa ajili ya kuoza. Jumla 30.
Chakula cha nyumbani: matunguu 4 kila wiki kwa wiki 30. Jumla 120.
Ya kuuza: 225 − 30 − 120 = 75.

Ukitaka kuongeza tuta la pili mwaka ujao, tenga 60 badala ya 30. Mwaka huu utauza 45 tu. Lakini mwaka ujao, mambo yakienda vile vile, utavuna matunguu 450. Toa mbegu 60, toa chakula 120. Utabaki na 270 za kuuza.

Linganisha 45 na 270. Hiyo ndiyo kazi ya mbegu iliyotengwa.

Sitaki kukudanganya. Tunguu la bustani zetu laweza kuwa na gramu 30 tu. Matunguu 270 ni kama kilo 8. Hizo si fedha za kujenga nyumba ya bati. Ni fedha za madaftari, za sabuni, za mafuta ya kupikia. Lakini ni fedha ambazo hukukopa, zimetoka katika mahali padogo, na mbegu yake hukuinunua.

Wasiokubaliana nami

Wa kwanza husema, "Shida haingoji. Mtoto anataka sare, nami nina matunguu ndani. Nitawezaje kuyaangalia tu?"

Hoja hii ni ya kweli, na mimi siwezi kuidharau. Lakini tazama hesabu. Mbegu ya tuta moja ni matunguu 30 katika 225. Ukiyauza hayo 30, shida yako itapungua kidogo sana. Usipokuwa nayo mwakani, itakubidi ununue mbegu wakati ambapo kila mtu anaitafuta. Ulimuuzia mchuuzi wakati wa wingi, unanunua kwake wakati wa uhaba. Nani amepata faida? Shida ikikubana, uza ya chakula kwanza. Familia huweza kupika mchuzi bila saumu. Bustani haiwezi kuota bila mbegu.

Wa pili husema, "Mbegu nzuri itanunuliwa dukani au kwa wataalamu."

Ikiwa yuko mtaalamu wa karibu mwenye mbegu safi, nenda. Hata mbegu nzuri ya nyumbani huweza kuchoka kwa magonjwa baada ya miaka mingi, na kubadilishana na jirani mwenye mimea yenye afya ni jambo la busara. Lakini usiweke tumaini lako lote katika mlango wa mwingine. Siku mlango ule ukifungwa, utapanda nini?

Wa tatu hawasemi, lakini wapo. Hawa ni waume. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayepanda, anayepalilia na anayemwagilia. Mchuuzi akipiga hodi, baba ndiye anayetoka nje kupatana bei. Huuza vyote, na mbegu ndani yake. Jioni mama anaporudi kutoka kisimani hukuta kamba tupu inaning'inia.

Nataka kusema wazi. Huo si uongozi wa nyumba. Ni kubomoa kilichojengwa na mwenzako. Namwomba kila mume anayesoma kurasa hizi akae na mkewe kabla mchuuzi hajafika. Wahesabu pamoja. Waandike: mbegu kiasi hiki, chakula kiasi hiki, ya kuuza kiasi hiki. Mbegu ifungwe kwa kamba yake peke yake, na kamba hiyo isiguswe bila wote wawili kukubaliana. Anayejua kuandika aandike, anayejua kusoma asome. Kama mama ndiye msomi wa nyumba kwa sababu ya darasa la kisomo, basi yeye ashike kalamu.

Na mchuuzi akija, mazao yapimwe kwa mizani. Gunia la lumbesa ni mbinu ya kuchukua zaidi na kulipa pungufu. Sheria ya Vipimo iko upande wa mkulima, lakini itamsaidiaje asiyeweza kusoma namba za mizani? Hapo ndipo kisomo kinapokuwa chakula.

Darasa lianze

Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika miaka hiyo, vitabu vya kisomo chenye manufaa vilifundisha herufi kwa njia ya pamba na migomba. Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakusanya watu katika vikundi wazungumzie chakula chao. Waliobuni kazi ile walielewa jambo moja: mtu mzima husoma upesi neno linalohusu maisha yake.

Kwa hiyo napendekeza kila darasa la nchi ya baridi liwe na tuta moja la kitunguu saumu. Kila mwanakisomo alete tunguu moja bora kutoka kwake. Darasa la watu 25 litapata matunguu 25, yaani mbegu ya tuta zima, bila kununua hata moja. Daftari la tuta liandikwe na wanakisomo wenyewe: tarehe ya kupanda, punje zilizopandwa, zilizoota, zilizokufa, matunguu yaliyovunwa. Siku ya mavuno kila mmoja arudishiwe matunguu mawili ya mbegu. Yatakayobaki darasa litakata shauri.

Watu wengine husifu kitunguu saumu kuwa ni dawa ya kila ugonjwa. Mimi sikisifu hivyo. Ukiugua nenda kituo cha afya. Nakisifu kwa sababu nyingine. Kinafundisha jambo ambalo sisi watu wa hali ya chini tunahitaji kulijua sana: kwamba kilicho bora si lazima kiende sokoni kwanza.

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Kichwa kimoja leo kwa mchuzi, viwili kesho kwa mchuuzi, na mbegu imekwisha. Jioni ya leo, ndugu msomaji, ukifika nyumbani inua macho utazame ile kamba ya jikoni. Hesabu vichwa vilivyobaki. Kisha funga fungu la mbegu, ulitie alama, uwaambie wote nyumbani: hili si la kuuza.

Maneno ya kukumbuka

Tunguu: kichwa kizima cha kitunguu saumu.
Kikonyo: punje moja ya kupandwa.
Masazo: vilivyobaki baada ya vizuri kuchukuliwa.
Lumbesa: gunia lililojazwa kupita kipimo chake.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mwandishi anasema ardhi haijachoka?
2. Kwa nini mbegu ya bibi ilizaa vizuri kuliko mbegu ya mwandishi?
3. Una matuta 3 kama lile la mfano. Tenga mbegu pamoja na akiba. Utatenga matunguu mangapi?
4. Nyumbani kwako, nani huamua ni kiasi gani kiuzwe? Je, hivyo ndivyo inavyofaa?
5. Taja zao jingine ambalo kijiji chenu kimepoteza mbegu yake. Lilipoteaje? Laweza kurudi?